Wimbo wa Pili

Siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la santuri mjini Kitui, sikuruhusiwa kugusa santuri hata moja. Mwenye duka alikuwa mzee Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo, akapapenda hapa kwetu, akabaki. Alinipa kitambaa laini nipanguse rafu. Jioni ndipo aliniita kwenye gramafoni.

"Binti," akasema, "santuri haishikwi usoni. Hushikwa ukingoni, kwa viganja. Na sindano huiweki kama mtu anayetua mzigo wa kuni."

Nikamwambia ndiyo, mzee. Nilikuwa nimetoka Matinyani na viatu vya kuazima, na woga ulikuwa umenijaa mpaka sauti haitoki. Akanionyesha spika kubwa iliyofungwa barazani, ikitazama soko. Kazi yangu itakuwa kuchezesha santuri kuanzia tunapofungua mpaka tunapofunga, ili watu wasikie, waingie, wanunue. Kisha akaniambia sharti lililobaki, nalo ndilo limenifanya niandike haya, maana nyinyi vijana hamwezi kulijua.

Siku hizo mwimbaji akifa, redio na maduka yalimcheza yeye tu, wimbo baada ya wimbo, mpaka jioni. Basi masikio ya watu yakazoea. Ukisikia wimbo wa mtu, halafu ukafuata mwingine wa mtu huyohuyo, unajua ameshaondoka. Hakuna aliyetunga sheria hiyo, lakini soko zima liliishika. Wimbo mmoja ni burudani. Wa pili ni tanzia.

"Kijana aliyekuwa hapa kabla yako alimaliza upande wa kwanza, akaigeuza santuri, akaweka wa pili," mzee akaniambia. "Mafundi cherehani wakaacha mashine. Mama mmoja wa ndizi akaanza kulia. Na mwimbaji mwenyewe yuko hotelini ng'ambo pale, anakula muthokoi wake wa mahindi na maharagwe. Alipotoka nje, watu wakatimua mbio."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mwaka haukuisha kabla hajafa kweli. Watu wakasema duka langu ndilo lililomwitia kifo."

Tangu siku hiyo sikuwahi kuweka santuri bila kusoma jina mara mbili. Mtasema ni ushirikina, na mimi ni mtu wa kanisa, lakini mngeishi miaka ile mngenielewa. Waimbaji wetu walikufa wakiwa vijana wabichi. Mmoja alinyeshewa akiimba, akapata homa, wiki hiyohiyo tukamzika. Mwingine alichomwa kisu dansini akiamua ugomvi usio wake. Wengine ni barabara. Bendi ilimaliza kupiga alfajiri, wakapakia magitaa na ngoma kwenye pikapu, na dereva hajalala. Niliwalilia kama ndugu zangu, na sikuwa nimemsalimia hata mmoja kwa mkono. Kila nikipangusa santuri ya aliye hai nilikuwa najiuliza, huyu naye ni mpaka lini.

Baadaye mzee alinipeleka tawi la Mwingi, chini ya Meneja, mpwa wake, mwanamume mwepesi wa miguu asiyekaa kitini. Huko gramafoni ilitumia betri ya gari, na betri ikichoka sauti za waimbaji zinakuwa nzito kama za wagonjwa. Mimi sikupenda kuzisikia hivyo. Sikupenda pia malori. Yalipita hapo yakienda na kutoka Garissa, na madereva walikuwa na habari kabla ya redio. Lori likisimama mbele ya duka, naacha kupangusa, natazama uso wa dereva.

Barazani kwetu, chini ya spika, aliuza maharagwe mama mmoja tuliyemwita Mwaitu Kalekye. Mwaitu kwetu ni mama. Mwanawe, Mulatya, alikuwa mwimbaji aliyependwa kuliko wote upande ule. Mama huyo alikuwa mzee wa kanisa, na nyimbo za dunia alisema hazitaki. Lakini soko lilikuwa na nafasi tele, na yeye kila siku alitandika gunia lake palepale. Nikimweka Mulatya, mkono wake unasimama na kikombe cha kupimia hewani.

"Mwikali, punguza hiyo kelele."

"Nipunguze, Mwaitu?"

"Si sana."

Siku moja akaingia dukani, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akasimama karibu na mlango akishika leso yake. "Siku utaweka ya pili ya huyu mtoto," akasema, "uje kwangu kwanza. Usiniache nisikie pamoja na soko." Nikamwahidi. Nimeahidi mambo mengi maishani, mengine mbele ya madhabahu, lakini ahadi iliyoninyima usingizi ni hiyo.

Na siku ikafika. Dereva wa lori la mbuzi alishuka asubuhi, akampita Mwaitu bila kumsalimia, akaja moja kwa moja hadi mezani. Akatunong'oneza kwamba pikapu ya bendi ya Mulatya imepinduka kwenye kivuko cha mto. Wenzake wameumia. Mulatya amekufa, na yeye dereva ndiye aliyemfunika. Meneja akajipangusa uso kwa mikono miwili, akasema maneno ya dini yake. Halafu akanigeukia.

"Mwikali, mtoe Mulatya. Weka."

"Mama yake yuko hapo nje."

"Najua yuko. Lakini wale wa duka la ng'ambo ya barabara wakituwahi, mji utasema sisi hatukumheshimu."

Nikamwambia, naye alizaliwa hapahapa hakuhitaji kuambiwa, kwamba mama haambiwi msiba sokoni. Hupelekwa nyumbani kwanza, akakalishwa, akazungukwa na watu wake, ndipo mtu mzima afungue mdomo. Meneja akachukua kofia yake. "Naenda kuswali," akasema. "Nikirudi niikute inazunguka."

Nilimsihi dereva amchukue mchungaji na akina mama wa kanisa awapeleke nyumbani kwa Mwaitu, halafu mchungaji aje sokoni amchukue Mwaitu. Kisha nikabaki na gramafoni yangu. Nikaweka huyu, nikaweka yule, nikaweka hata kwaya. Viganja vilikuwa vimelowa jasho, santuri zinaniteleza. Habari ilikuwa imeshatoka. Niliwaona watu wakija mlangoni, wakinitazama, wakirudi nyuma. Soko lote lilijua na hakuna aliyesema. Wanawake wakawa wanapanga foleni kwa Mwaitu kununua maharagwe ambayo hawakuyahitaji, ili tu asipate nafasi ya kugeuka. Moyo wangu ulikuwa unasema, mchungaji, njoo, mchungaji, njoo.

Mwaitu ndiye aliyekuja. Alisimama mlangoni.

"Leo hujamcheza Mulatya."

"Mwaitu, betri..."

"Betri imecheza wengine wote."

Uongo ukanikauka. Nikasema kitu cha kijinga kabisa. Nikasema, "Mchungaji anakuja."

"Sijakuuliza mchungaji."

Hakulia. Alitazama rafu ya santuri, kisha akafunga leso yake vizuri kiunoni. "Mweke," akasema. "Mara moja. Halafu uweke wa mtu mwingine."

Nilimwelewa, na ninyi mwelewe. Wimbo mmoja, kisha wa mtu mwingine, hivyo ndivyo alivyochezwa mtu aliye hai. Mama yule alikuwa ameshajua, ila alitaka kutembea hadi nyumbani kwake akiwa bado na mtoto.

Nikamweka. Ulikuwa wimbo wake wa kuchekesha, wa mbuzi aliyekula tai ya bwana arusi, na watu walizoea kuitikia kiitikio. Siku hiyo hakuna aliyeitikia. Mwaitu alisimama amefumba macho mpaka gitaa likamaliza. Nikainua sindano. Nje hata mizani haikulia, kila mtu anangoja nitaweka nini. Nikaweka mwimbaji mwingine, simkumbuki ni nani, maana machozi yalinizuia kusoma jina. Mwaitu akamwachia jirani gunia lake, akaondoka kwa miguu, taratibu, na watu wakampisha.

Kumbe Meneja alikuwa amerudi, amesimama pembeni akisikiliza. Alikaa kitini, nami sikuwahi kumwona amekaa, tukangoja mpaka dereva alipokuja kutuambia kwamba Mwaitu amefika na yuko mikononi mwa akina mama. Hapo Meneja mwenyewe akaitoa santuri ya Mulatya, akacheza upande wa kwanza, kisha akaigeuza upande wa pili. Ndipo Mwingi ikalia.

Miaka yangu ya mwisho niliifanyia Matiliku, tawi la upande wa Makueni, chini ya Msimamizi kijana aliyependa kaseti. Kanda moja ilikuwa na mwimbaji mmoja tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na watu wakazoea upesi. Mimi sikuzoea. Kila wimbo wa pili ulipoanza nilikuwa natazama mlangoni kuona ni nani anayeletewa habari. Nilistaafu nikiwa bado hivyo. Watoto wangu wananiambia kazi yangu ilikuwa ya raha, kushinda kwenye muziki. Nawaacha waseme.

Baada ya kustaafu nilikwenda kumwamkia Mwaitu Kalekye. Alikuwa amezeeka, macho hayaoni vizuri, lakini mkono wake wa salamu ulikuwa na nguvu. Mjukuu wake msichana alituletea chai, kisha akaweka kanda kwenye redio kaseti bila kuambiwa, na Mulatya akaimba nyumbani mwa mama yake. Wimbo ulipoisha nikajikuta natazama mlangoni. Nikamuuliza, kwa sababu swali hilo lilikuwa limenikaa miaka yote, kama siku ile sauti ya spika ilimfikia njiani, tulipoweka upande wa pili.

"Mimi?" akasema. "Mimi wa pili sijausikia mpaka leo."

Msichana alikuwa ameshaitoa ile kanda kabla wimbo wa pili haujaanza, akaweka ya mtu mwingine. Mwaitu akanisogezea kikombe, akaniambia ninywe kabla haijapoa.