Mvua ilivyotuchagulia mbegu za maharage Kanzenze

Wakuu, heshima kwenu.

Hii si chai. Imenitokea mwenyewe, na shamba lipo. Anayebisha aje Rubavu nimpeleke.

Nimezaliwa Tanzania, tukarudi Rwanda nikiwa kijana. Nilikuwa na kazi ya ofisi hapa Gisenyi mjini. Mkataba ulipoisha, nikaungana na dada wa mke wangu, Mama Aline, tukalima maharage Kanzenze ya kulisha nyumba zote mbili.

Mbegu tulinunua sokoni Mahoko, mchanganyiko kama watu wa huku wanavyopanda: nyekundu kubwa, njano, za madoadoa, na nyeusi ndogo chache.

Maharage yalipoanza kutambaa kwenye miti tuliyoyasimikia, mvua ikafungulia. Haikukata. Majani yakawa njano. Ukivuta mche, mzizi umeoza na unanuka.

Mama Aline akakaa kwenye matope. Amekulia Goma, Kiswahili chake ni cha kule, na mimi shemeji yake huniita bofreri.

"Bofreri, tumekwisha. Batoto batakula nini?"

Nikamwinua, nikaanza kukagua mstari kwa mstari.

Ila nikipita shambani nikaona kitu. Hapa mche umekufa. Pembeni yake, udongo uleule, maji yaleyale, mwingine umesimama kijani na maua juu!

Tulivuna kidogo, hata kikapu hakikujaa. Tukapukuchua, tukamwaga kwenye ungo. Karibu zote nyeusi, na za madoadoa kidogo tu. Nyekundu na njano hakuna.

"Mi sikuchagua," akasema. "We ulichagua?"

"Hapana, shemeji."

"Donc, basi, ni mvua."

Wakuu, nilisisimka mwili. Natural selection, yaani uteuzi wa asili, niliisoma shule, nikafaulu mtihani, nikaisahau. Kumbe ilikuwa ndani ya ungo wetu.

Tulitamani kuzipika, watoto walikuwa wanalia njaa. Lakini tukavumilia viazi vitamu vya jirani, mbegu tukaitunza.

Msimu uliofuata mvua ikarudi na ubabe uleule. Shamba likasimama!

Hapa naomba mnielewe. Ule ugumu wa kuhimili maji haukuletwa na mvua. Ulikuwemo kwenye mbegu chache tangu sokoni. Mvua iliua nyingine tu, zilizobaki zikazaa zinazofanana nazo.

Basi nikajiona mtaalamu. Nikasema tutupe za madoadoa, tubaki na nyeusi tupu.

Mama Aline akakataa, na wala hakuwa na hoja. Anapenda ladha yake.

"Hizi ziko tamu, bofreri. Ziache."

Msimu wa tatu mvua ikagoma kabisa. Nyeusi zangu zikanyauka tukizitazama. Za madoadoa ndizo zilizotulisha.

"Mana yanjye, Mungu wangu," Mama Aline akashika mdomo. Hata yeye hakutegemea.

Nilichojifunza: hakuna mbegu iliyo bora siku zote. Kuna iliyofaa msimu ule. Mvua haina mpango, jua halina upendeleo, na bado kwa njia hiyo viumbe wote tunaowaona wamefika hapa. Siku hizi hata nzi akitua kwenye meza yangu namtazama mara mbili. Mababu zake walivuka nini mpaka yeye akawepo?

Wa biolojia nirekebisheni nilipoteleza. Na nyie wengine, kwenye mashamba, kuku, hata kunguni wenu wanaocheka dawa, mmeshuhudia nini? Uwanja ni wenu.