Kioo cha Ordinateri Kilichotuletea Habari za Kalima

Wiki hii nilikuwa katika ofisi moja ya usafirishaji karibu na bandari, nikingoja mzigo wangu. Karani alikuwa akihangaika na ordinateri yao mpya, yaani kompyuta. Kioo chake kina spika ndani, na tangu asubuhi spika hiyo ilikuwa ikinguruma. Alipunguza sauti, akachomoa waya mmoja, akakipiga kioo kwa kiganja. Ngurumo ikazidi.

Ghafla ikageuka sauti ya mtu: "Kalima, Kalima, rudilia! Unasema amezaa? Na mama wa mutoto, iko muzima?"

Tukatazamana. Mama mmoja kwenye foleni akashika kifua. "Binti yangu iko na uchungu wa kuzaa kule Kalima tangu jana!"

Karani akaingiwa na woga, akang'oa waya zote. Kimya.

"Rudisha, sitwayen, ndugu yangu! Rudisha!" mama akalia, akigonga meza.

"Mama, hii ni mashini ya kuandika, haiko redio!"

Hata hivyo akazirudisha. Ikanguruma tu. Mtu mmoja akakumbuka kwamba ofisi ya jirani ina foni, ile redio ya kuongea na mji wa Kalima; huenda ndiyo iliyokuwa ikiingia kwenye spika yetu. Mama akatoka mbio, kitenge kikimponyoka.

Punde tukasikia vigelegele kupitia ukutani, na vilevile kwenye spika: "Iko muzima! Binti yangu iko muzima!"

Karani akatugeukia, bisibisi mkononi. "Sasa nitengeneze, ao niache?"

Foleni nzima ikasogea karibu na spika. Nami nikasogea nao, nikitega sikio.