Plagi Nyeupe

Mtaani walimwita Sikio, na jina hilo alilipata kwa haki. Mafundi wengine wa pikipiki walifungua plagi, wakaitazama rangi, wakafunga, kisha wakafungua tena. Yeye aliinama kando ya kabureta, macho kayafumba, akazungusha skrubu ya hewa kwa bisibisi huku injini ikinguruma. Mafuta yakizidi, alisema imeshiba hadi inacheua. Hewa ikizidi, ina njaa na itaungua. Akifika palipo sawa alinyanyuka akafuta mikono, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kama ana hakika.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sikio hakufungua plagi hata siku moja kuhakikisha kazi yake. Aliona ni aibu, kama mpishi kumwomba jirani amwonjee chumvi.

Lakini masikio nayo huchoka. La kushoto liliziba kabisa, na la kulia likabaki kushika milio mikali tu. Nyumbani mkewe alilalamika kwamba anaongea na ukuta. Kazini hakuna aliyejua, maana mzee alijifunza kucheka wenzake wanapocheka na kuitikia "ndiyo, ndiyo" kwa kila jambo. Siku moja aliitikia hivyo akajikuta ameahidi kucheza ngoma kwenye harusi ya mtu asiyemfahamu. Watu walicheka, naye akacheka nao.

Basi shemeji yake, mdogo wa mkewe, akaleta pikipiki yake isetiwe. Alikuwa akisambaza mikate madukani na njia yake ilikuwa ya milima mitupu. Sikio alishusha sindano ya kabureta ili mafuta yapungue, akainama, akaanza kuzungusha. Palipo sawa hakusikia kitu ila mvumo. Akaendelea mpaka ukatoka mlio mwembamba, mkali, na huo aliusikia vizuri mno. Ulikuwa mlio wa njaa, hata mwanagenzi angeutambua. Lakini moyo wake ulifurahi kusikia tena, akaiacha hapo hapo.

Kwenye mlima, injini ilichemka, pistoni ikagandana na silinda, gurudumu la nyuma likakwama ghafla. Shemeji alirushwa na mkono wake wa kulia ukavunjika kiwikoni.

Pikipiki iliporudishwa, Sikio alijifungia nayo gereji. Oili ilikuwa kamili. Akafungua plagi: nyeupe kama chaki. Akaitia mfukoni, akachomeka nyingine kuukuu ya kahawia, rangi ya injini iliyosetiwa sawa.

"Imekuwaje?" mkewe alimwuliza, macho yamemvimba kwa kulia.

"Oili," alisema. "Hakuangalia oili. Vijana hawa!"

Mkewe akaondoka moja kwa moja hadi hospitali kumgombeza mdogo wake, na njiani akawaambia majirani. Nani angebishana na Sikio?

Shemeji alipotoka wodini alikaa nyumbani kwa Sikio, akila kwa mkono wa kushoto. Kila mgeni aliyekuja kumpa pole alijibiwa, "Uzembe wangu mwenyewe." Sikio aliyaona maneno hayo yakitoka mdomoni, akainamisha uso kwenye sahani.  Aliona haya, na haya hiyo alilala nayo akaamka nayo. Kila asubuhi aliiapia nafsi yake kwamba leo atasema, na kila jioni alirudi na plagi ile ile mfukoni.

Plasta ilipotolewa, mkono haukunyooka. Hata hivyo shemeji alitaka kurudi kazini. Sikio alikuwa ameifufua injini, ikabaki kabureta. Mkewe naye alikuja gereji kushuhudia.

"Iseti kama mara ile, shemeji," kijana alisema. "Ilikuwa inalia vizuri."

Sikio akainama, akazungusha. Mvumo, mvumo, kisha ule mlio mwembamba ukaja, mtamu kama zamani. Aliinua macho akauona mkono uliopinda. Akazima injini.

Akatoa plagi mfukoni. "Hii ndiyo iliyokuwa kwenye injini yako."

"Mbona nyeupe?"

"Hewa nyingi, mafuta kidogo. Mimi ndiye niliyeiunguza, shemeji. Masikio yangu yamekwisha, nikaficha. Oili yako ilikuwa kamili, niliiona kwa macho yangu."

Kijana aliigeuzageuza ile plagi kiganjani.

"Kwa hiyo niliangalia oili," alisema polepole. "Nilikuwa nakumbuka nimeangalia. Halafu nyote mkasema sikuangalia, nikaanza kudhani akili zangu zimeruka."

Hakutukana. Laiti angetukana, Sikio angepata pa kushika. Kijana aliiweka plagi juu ya kiti cha pikipiki, akatoka kwa miguu bila kuaga.

Mke wa Sikio alikuwa amesimama upande wake wa kushoto. Sikio aliona midomo yake ikicheza. Mazoea yakamletea "ndiyo" hadi kwenye ncha ya ulimi.

"Sijasikia, mama watoto," alisema. "Rudia."

 Mke akazunguka upande wa kulia, akamsogelea.

"Mfuate," alisema. "Kisha tutapita nyumba kwa nyumba, wewe na mimi, kwa kila mtu niliyemwambia kwamba ndugu yangu ni mzembe. Na utaongea wewe."