Kwenda Uru Kumuulizia Manka

Safari hii ilikuwa ya mama, ila magoti yake hayataki tena ngazi za basi, kwa hiyo nikaenda mimi.

Mama ana miaka themanini na tisa. Bibi yake, aliyemlea hapahapa Pangani, wengi wenu mmesikia akiitwa Bi Faida. Jina hilo alipewa na mtu aliyemnunua, na naomba mlisome tena polepole. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Manka, wa Uru, Kilimanjaro, na aliletwa pwani na msafara wa watumwa akiwa msichana mdogo. Waingereza walipofuta utumwa Tanganyika, alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Hakujua tarehe, akashika msimu. Ijumaa ya kwanza baada ya vuli kuanza ikawa sikukuu yake ya uhuru, na nyumbani kwetu tunaiadhimisha mpaka leo. Tunasoma dua, tunapika, na kuna sharti moja: siku hiyo hakuna kumwagiza mtu kitu. Ukitaka maji, nenda kachote. Ukimaliza kula, osha sahani yako, hata uwe nani. Marehemu baba, aliyezoea kuketi na kuita, aliichukia siku hiyo kimoyomoyo.

Mwaka huu mama aliniita chumbani. "Mimi sina muda tena," akasema. "Nenda ukawaulize kwao. Walimlilia? Au walimsahau siku ileile?"

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka na kikapu cha korosho na mkeka wa zawadi. Segera, Korogwe, Mombo, Same. Milima ya Pare ikatushika ubavuni na haikutuacha. Abiria wa pembeni yangu alilalamika njia nzima kwamba basi linatambaa. Manka aliteremka njia hii kwa miguu, na mimi nimeketi dirishani nikijisikitikia mgongo. Niliona aibu kweli.

Jioni, Moshi, nilipokewa na Mwalimu Veronika, niliyefundisha naye miaka mingi. Siku hizi anaishi Rau. Yeye ndiye aliyeulizia miezi kadhaa, kila baada ya misa, mpaka akapata mzee mmoja wa Uru aliyelijua jina la Manka. Alinipikia mtori mzito wa ndizi, akanihimiza niongeze, nikaongeza. Usingizi haukuja upesi, nikiwaza nitapokewaje.

Asubuhi tulipanda Uru kwa bodaboda mbili, wanawake wawili wazee tumewakumbatia madereva kwa nguvu zote. Barabara inapita katikati ya migomba na kahawa, na kando yake maji yanateremka kwenye mfereji. Tulipofika langoni kwa mzee huyo, Mzee Aloisi, Veronika alibaki akibishana na madereva kuhusu saa ya kuturudisha. Mimi nikatangulia.

Kiambaza cha uwanja kilikuwa ua wa mimea mirefu yenye majani membamba yanayong'aa. Nilichuma jani moja nifukuzie inzi. Mikono yangu imesuka ukili tangu utotoni, haijui kushika jani ikatulia. Kabla sijafika uani ilikuwa imelikunja na kulifunga fundo.

Mzee Aloisi alitoka akiegemea fimbo, mkewe nyuma yake. Nikasema shikamoo. Hakuitikia. Alikuwa anatazama mkono wangu.

"Nani amekuambia uje na sale?" akauliza.

"Sale ndiyo nini, mzee? Hili nimelichuma tu hapo nje. Nisamehe kama nimeharibu ua."

Mkewe akajishika kifua. "Mae! Kumbe hajui."

Ndipo mzee akanieleza, taratibu. Huku Uchagani, jani la sale likifungwa fundo, anayelileta anaomba msamaha, na anayeletewa hana njia ya kukataa, hata kosa liwe zito namna gani.

"Sasa wewe," akasema, "mtoto wa Manka, unakuja kwangu na sale? Umenikosea nini?"

Alilichukua lile jani mkononi mwangu. Akavua kofia, akaliweka tena kiganjani mwangu kwa mikono miwili.

"Hili ni letu. Ulikuwa mwaka wa njaa. Babu yangu ndiye aliyemtoa, mtoto wa kaka yake mwenyewe. Alipewa nguo na shanga. Baba yangu aliniambia siku moja tu, na akaniambia nisifiche."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu atakayekana. Kwa huyu sikuwa nimejiandaa. Nililia kama mtoto, na Veronika, aliyeingia wakati huo, akalia bila kujua analilia nini.

Nilipotulia nikamuuliza swali la mama.

"Hapana," akasema mzee. "Hakuliliwa. Mama yake alikataa. Alisema msiba ni wa aliyekufa, na mwanangu ameteremka tu. Kila Desemba ukoo ukichinja, tunagawana nyama, kila mtu na fungu lake. La Manka linatengwa. Sisi hatuligusi, anapewa mgeni wa kwanza kupita."

Mchana aliletwa mbuzi. Nikaona amesimama naye mtu mwenye kofia ya kiua, jirani Mwislamu, wamemwita aje kuchinja ili na mimi nile kwa amani. Wenyewe walikunywa mbege, pombe yao ya ndizi. Mimi nikapewa kibuyu cha maziwa ya mgando. Sikuomba lolote kati ya hayo. Mzee alikata kipande cha ubavu, akakiweka mbele yangu juu ya jani la mgomba.

"Fungu lako," akasema. "Tumechelewa kidogo."

Nilikula mpaka mfupa. Baadaye alihesabu vizazi kwa vidole na kuniambia kwamba mimi ni mjukuu wake. Nina miaka sitini na tatu, na nimepata babu!

"Aika, babu," nikasema, kwa kuwa Veronika alinifundisha shukrani ya kwao. Walicheka matamshi yangu.

Tulipoagana alinikatia shina la sale. "Mpelekee mwanangu," akasema, maana kwa hesabu yake mama ni binti yake. "Mwambie siwezi kuteremka. Hili linaniombea."

Nilirudi Pangani Jumatano. Vuli ilikuwa imeanza usiku wa kuamkia siku hiyo. Ijumaa, baada ya dua, nikamkabidhi mama lile jani lenye fundo na shina lake, nikamweleza yote. Aliposikia kwamba ana baba wa miaka themanini na mbili alicheka akafuta macho.

"Lakini walimlilia?"

"Hapana, mama. Walimngoja."

Aliliweka jani mapajani, akalipitishia kidole. Nimejifunza kwamba kuna msamaha unaoombwa na watu ambao hawakutenda kosa, na kwamba unaponya kama mwingine wowote. Nawashukuru watu wa Uru kwa hilo.

Kisha mama akainuka, akashika fimbo, akaenda kulichomeka lile shina karibu na mlango. Nilipokimbilia kata ya maji ili nilimwagilie, akanizuia.

"Umesahau leo ni siku gani?" akasema, akaenda mtungini kujichotea mwenyewe.