Anayesoma Hachambui

Mwanangu alisimama mbele ya meza yangu ya kuchambulia kahawa, mikono kiunoni, akaniambia, "Mama, acha kujisumbua. Mnunuzi anachukua yote, nzuri na mbovu, bei moja."

"Haya," nikamwambia. "Na mimi kuanzia leo nitakupikia unga na pumba humohumo, bei moja."

Akacheka. Mimi sikucheka. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila kitu ruksa. Zamani kahawa yetu ya hapa Mbinga ilikwenda ushirika, na pale palikuwa na mzee wa kupima aliyekuwa akitia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akitoa punje kiganjani na kuzinusa. Akikuta nyeusi au zilizovunjika, unarudi nyumbani na gunia lako na watu wote wanakuona. Sasa yakaja malori ya watu binafsi mpaka uani. Mnunuzi hashuki hata kwenye lori. Anauliza magunia mangapi, vijana wake wanapakia, kwaheri. Watu wakafurahi. Hata mimi ningefurahi kama ingekuwa ni kahawa tu.

Lakini pale mezani ndipo wajukuu zangu walipojifunzia kusoma.

Nieleze vizuri. Mimi ni mtu wa ziwani, nimezaliwa karibu na Liuli, nikasoma kwa wamisheni mpaka darasa la pili, baba akaona inatosha. Nikaolewa huku milimani kwa Wamatengo, nikaacha samaki nikajifunza kahawa. Kusoma ninajua, lakini kwa kidole, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kwa hiyo nikipata mtoto anayesoma harakaharaka namtumia, wala sioni aibu. Wajukuu watano walikuwa kwangu, na kuchambua kahawa ni kazi ya kuchosha roho: umesimama juani, meza ya waya mbele yako, unatoa punje mbovu moja moja mpaka ukifumba macho unaziona. Nikaweka sheria. Anayesoma hachambui. Mmoja anasimama kichwani pa meza na kitabu, sisi wengine tunachambua na fungu lake. Akichoka kusoma anarudi kwenye kahawa. Waligombea kitabu kama wanavyogombea ukoko.

Sheria nyingine waliiweka wao. Kitabu kikichosha, wanaochambua wanapiga waya kwa viganja, na msomaji anarudishwa kazini. Hao ndio wakaguzi ninaowaamini mimi. Mwalimu wao alinipa kitabu cha mtoto mkaidi aliyekwenda mtoni bila ruhusa akaliwa na mamba. "Kina mafunzo, bibi," aliniambia. Hatujamaliza ukurasa wa pili, waya unalia kama mvua ya mawe. Mjukuu mkubwa akasema, "Bibi, hata mamba mwenyewe kamchoka huyu mtoto." Kitabu kikarudi kwa mwenyewe siku ileile.

Kilichofuata kilikuwa cha mambo ya kale. Nilikipata kwa mtawa mmoja kule Kigonsera, aliyekuwa na sanduku dogo la vitabu akiviazimisha kwa yeyote aliyenawa mikono. Ndani yake mna msichana na bibi yake, wamejificha pangoni wakati wa vita. Tulikwenda nacho vizuri mpaka wakaingia humo pangoni, wakakaa siku nyingi, na mwandishi hasemi walikula nini. Wajukuu wote wakanigeukia.

"Bibi, walikula nini?"

"Nitajuaje? Nilikuwepo?"

"Si wewe mzee?"

"Mzee babako."

"Na haja walikwenda wapi?"

Meza nzima ikacheka. Lakini waya haukulia, maana walitaka kujua. Nikawasimulia niliyoyasikia kwa mama mkwe wangu, namna watu wa huku milimani walivyojificha mapangoni, na mama akimziba mwanawe mdomo kwa titi asilie adui akasikia. Tangu hapo nina maneno yangu kuhusu vitabu vya zamani: mpe mtoto, tena mpe vingi, lakini uangalie kwanza kama mwandishi aliingia jikoni. Asiyejua watu walikula nini asinisimulie vita vyao.

Kitabu cha mwisho ndicho kilicholeta haya yote. Nacho kilitoka kwa yule mtawa, na kilikuwa cha mwizi. Kuna kijiji kando ya mto, na mzee anayevusha watu kwa mtumbwi. Asubuhi moja mtumbwi haupo, kamba imekatwa kwa kisu, na siku hiyo ndiyo bibi harusi anatakiwa kuvushwa. Nani kakata kamba? Basi. Hakuna mafunzo, hakuna mamba. Kila ukurasa unamshuku mtu mwingine. Wajukuu wakagawanyika, huyu anasema mwenye duka, huyu katekista, huyu bibi harusi mwenyewe. Mimi nikasema ni mvushaji. Nimekulia ziwani, nimeona watu wakificha mitumbwi yao wenyewe. Kahawa ya siku zile ilichambuliwa vibaya mno. Punje nyeusi zilipita mbele ya macho yetu, tunaziona na hatuzioni.

Sasa nije kwa mjukuu wangu wa katikati. Msichana, darasa la nne, tena alikuwa analirudia. Kusoma kwake kulikuwa kama kwangu, kidole na jasho. Wenzake wakigombea kitabu yeye aliinamia kahawa. Baba yake, huyohuyo mwanangu wa bei moja, alikuwa ameshatoa hukumu. "Mama, huyu shule haimtaki. Mwaka ukiisha hajajua kusoma, atabaki nyumbani amlee mdogo wake." Alisema hivyo mtoto yupo, anasikia, kama vile anazungumzia mbuzi asiyezaa.

Na ni huyohuyo mtoto aliyeweka punje chini akasema, "Na mimi nisome."

"Tutafika Krismasi!" wenzake wakaguna.

Nikawatazama, wakafunga midomo. Alisoma nusu ukurasa. Jua lilihama upande mmoja wa meza likaenda wa pili. Mkubwa wao alikuwa anauma vidole asimsahihishe. Lakini hakuna aliyepiga waya, kwa sababu katika nusu ukurasa ule kisu kilipatikana, na aliyekikuta alikuwa yeye, kwa sauti yake. Kesho yake alisoma ukurasa mzima. Nikajisemea moyoni, huyu ameshika.

Ndipo lori likaja, na mwanangu akaja na mikono yake kiunoni. Tulikuwa tumebakiza sura chache.

"Niachie meza mpaka kitabu kiishe," nikamwambia.

"Kitabu gani, mama? Kahawa imeshauzwa."

"Basi watachambua maharage."

"Mama!"

"Mtoto wako ameanza kusoma. Hukumsikia?"

"Nilimsikia. Nikadhani ana kikohozi."

Ningekuwa na nguvu za zamani ningemchapa, baba wa watu au si baba wa watu. Aliung'oa ule waya akajengea banda la kuku. Wajukuu wakatawanyika. Wavulana wakahamia kwenye banda la video mjini, mahali mwenye jenereta anawaonyesha watu wanaopigana mateke mchana kutwa. Mkubwa wa kike akaenda kuuza maandazi pale malori yanaposimama. Niliwaita barazani: njooni tumalizie. "Tunakuja, bibi." Hawakuja. Nikajifunza jambo ambalo walimu hawajui mpaka leo. Mtoto hakai kusikiliza kitabu kwa sababu ni kizuri tu. Anakaa kwa sababu ukiondoa kitabu kinachobaki ni kahawa.

Yule wa katikati alibaki na mimi. Tukakaa wawili na kitabu. Akasoma mistari kadhaa, akaniangalia, akakifunga. "Wawili haina raha, bibi. Hakuna anayebisha."

Nikaenda kwa mwalimu, nikamwambia mtoto huyu amepata pa kushika, asiachwe. Nipe kitabu kingine cha namna hii, cha mwizi, cha fumbo, hata cha vita vya kale. Akanijibu kwa upole wote, "Bibi, hadithi zinapoteza muda. Mtihani hauulizi nani kaiba mtumbwi."

"Labda ungeuliza hivyo wangejibu."

"Sawa, bibi, nimekusikia." Ile nimekusikia ya kumwondoa mtu mlangoni.

Shule zilipofunga kwa likizo fupi nikamchukua mtoto, tukapanda gari la mahindi, tukateremka ziwani kwa mdogo wangu. Nilikuwa na hesabu zangu. Kule wanawake wanaanika usipa, vile visamaki vidogo, mchangani, na kazi ni kugeuza na kufukuza kunguru tangu asubuhi. Nikasema hapa ndipo. Mikono ina kazi na masikio yako wazi. Siku ya kwanza nikamsimamisha katikati ya usipa asome. Upepo wa ziwa ukachukua kurasa, kunguru wakashuka, wanawake wakapiga kelele kwa Kinyasa, na mdogo wangu akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka misheni, "Dada, umetuletea padri mdogo? Atawabariki hawa samaki?"

Walicheka wote. Mtoto akafunga kitabu, akakificha ndani ya kanga.

Tangu hapo, kila wakati wa kugeuza usipa ulipofika, alikuwa hayupo. Fungu lake nageuza mimi, mgongo unauma, jua linanichoma utosini. Mdogo wangu akasema, "Mjukuu wako mvivu." Nikamjibu kwamba wavivu ni wa kwake, lakini rohoni nilikuwa nimeanza kukubaliana naye, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Nilimleta mtoto mbali hivi ili baba yake aonekane mkweli?

Siku moja nikachukua fimbo, nikafuata mchanga. Nikamkuta ndani ya mtumbwi mbovu uliovutwa nchi kavu, amekaa chini kabisa mahali upepo haufiki, kitabu magotini. Hakuniona. Midomo ilikuwa inacheza. Halafu nikaona haichezi, macho tu ndiyo yanakwenda, na kidole hakipo. Nilikuwa nimeshainua fimbo. Nikabaki nayo juu, sijui pa kuiweka.

Akafunua ukurasa. Ulikuwa wa mwisho. Akafunga kitabu, akapumua kama mtu aliyetua ndoo.

"Umemaliza?" nikauliza.

Akashtuka. "Nimemaliza."

"Chote? Mwenyewe?"

"Chote."

"Nani, basi?"

Akanitazama. Akatabasamu.

"Sikwambii, bibi."

"Mke mwenzangu, usinitanie juani. Ni mvushaji, sivyo?"

"Nikikwambia, tukifika tu utawaambia wote kabla sijawasomea. Wewe una mdomo."

Mtoto wa darasa la nne! Nilimwahidi usipa wa kukaanga. Nikamwahidi kanga yangu mpya. Nikamwambia wazee hufa wakiwa na dukuduku. Akasema nitakufa najua, nisubiri tu. Nikamnyang'anya kitabu, nikasoma mwenyewe garini tukipanda milima, kidole kikirukaruka kila gurudumu likiingia shimoni. Tunaingia Mbinga sijafika hata nusu ya sura, na kichwa kinaniuma.

Wavulana waliposikia kwamba anamjua mwizi, waliacha video. Walikuwa wamewekeana dau wao kwa wao, kila mmoja na mtu wake. Akawasomea uani, hakuna kahawa, hakuna usipa, wamekaa chini kama watu waliokuja msibani. Kuna maneno yaliyomkwamisha, akayarudia, akapita. Baba yake alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Nikaona kisu chake kimesimama.

Hakuwa mvushaji. Alikuwa mdogo wake bibi harusi, mtoto tu, hakutaka dada yake aondoke. Nilikosea, na wajukuu hawakuniacha nipumue.

Mwanangu akasema, "Haya. Aendelee na shule." Akarudi kwenye mpini wake. Hayo tu. Hakuweza hata kumwambia mtoto umefanya vizuri, wala kuniambia mimi, mama, ulisema kweli. Bado ananidai nikubali kwamba bei moja ni jambo jema.

Asubuhi yake mtoto akaja kwangu na kitabu amekifunga kwa kitambaa, tayari kwa kurudishwa. "Bibi, kingine?"

Nikaenda Kigonsera. Mtawa alikuwa amehamishwa, na sanduku lake limeondoka naye. Nikaenda mjini. Sijawahi kuona maduka yamejaa namna ile: redio, ndala za kila rangi, sabuni zinazonukia kama maharusi. Nikamwuliza mwenye duka, kitabu kipo? Daftari zipo, akasema. Sitaki daftari, nataka kitabu ambacho mtoto atakilalia njaa ili ajue kesho kutatokea nini. Akacheka, "Bibi, kesho hata mimi siijui." Akanitolea maswali ya mitihani iliyopita.

Nikarudi na mikono mitupu. Mtoto kakaa mlangoni.

"Hakuna," nikamwambia.

"Kwa nini hawaleti?"

"Wanaleta kinachonunuliwa."

"Si tununue sisi?"

"Tununue kipi, na hakipo?"

Alinitazama kama vile mimi ndiye niliyevificha. Miezi yote nilihangaika mtoto ajue kusoma, na sikujiuliza hata mara moja akishajua atasoma nini.

Kesho yake nikaenda kituo cha mabasi. Kondakta wa basi la Songea akanishika mkono, "Bibi, panda, nafasi ipo."

"Sipandi. Wewe ndiye unayekwenda. Niletee kitabu cha mtoto, chenye mwizi."

"Mwizi wa nini, bibi?"

"Wa chochote. Ila asijulikane mapema, na mwishoni akamatwe. Ukikosa, niletee cha watu wa kale. Fungua kwanza uangalie kama wanakula."

Wenzake walicheka mpaka wakapiga bodi la basi. Safari ya kwanza akasahau. Safari iliyofuata akaniletea kalenda yenye picha ya trekta, na alikuwa anajivunia kabisa.

Nikarudi nyumbani, nikamwambia mwanangu aangalie kuku wake, nikajifunga kanga, nikapanda basi mwenyewe.