Nilipiga Kigelegele Misa ya Pasaka, Sasa Natakiwa Kuomba Msamaha Peke Yangu

Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili, Mkenya, nasomea uuguzi hapa Muscat. Naishi mtaa wa Darsait kwa mdogo wake mama yangu, ninayemwita anti. Yeye ndiye aliyenipokea, ndiye anayenilisha, na kitanda changu kiko sebuleni kwake nyuma ya pazia. Nasema haya mapema ili asije mtu akaniita asiye na shukrani. Shukrani ninayo. Ninachokataa ni kingine.

Mjue kwanza kwamba huku Jumapili ni siku ya kazi. Pasaka ilinikuta darasani tangu asubuhi, nampima presha mdoli wa mazoezi. Saa kumi nikatoka mbio na sare yangu nyeupe hadi kanisani. Wakatoliki wa upande wetu wa mji husali ndani ya ukuta mmoja, na siku hiyo mle ndani mlikuwa mji mzima: Wafilipino, Wahindi wa Goa na Kerala, Walebanoni, na sisi wa Afrika Mashariki, wachache, wengi na sare za kazi. Waliokosa nafasi ndani walisimama uani kutazama misa kwenye skrini, nami nikiwa mmoja wao. Anti alikuwa mbele kabisa na kwaya, maana yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha Kiswahili.

Anti amehangaika miaka mitatu kuomba tupewe wimbo mmoja wa Kiswahili kwenye misa ya Pasaka. Mwaka huu tukapewa, baada ya komunyo, kwa masharti: bila ngoma, bila kucheza, bila vigelegele. Alitusomea masharti hayo kila mazoezi. Nilikubali pamoja na wenzangu, sikatai.

Sasa ukaanza wimbo wa Utukufu, kengele zikalia. Kwetu nyumbani, Kwaresima yote huwa kimya, na Pasaka kengele zikilia akina mama wote hupiga vigelegele mpaka padri anangoja. Nimekua hivyo tangu nikiwa mgongoni. Sikupanga, kilitoka chenyewe. Mama mmoja wa Kifilipino kando yangu alishtuka akaangusha kijitabu chake, halafu akacheka. Kabla sijaziba mdomo nikasikia kwenye spika za skrini kingine kinanijibu kutoka ndani, mbele kabisa, kirefu, kinakatika mara mbili mwishoni. Vingine vikafuata kutoka kila pembe ya ua. Nililia pale pale. Tangu nifike nchi hii sijawahi kujisikia niko kwetu kama dakika ile.

Wimbo wetu tuliimba, mimi nikiwa kule kule uani, na watu wakapiga makofi. Lakini baada ya misa msimamizi mmoja alimwita anti kando akamwambia, kwa upole tu, kwamba masharti yamevunjwa na kuhusu mwakani wataona. Tulipofika nyumbani anti hakuvua hata viatu.

"Kazi yangu ya miaka mitatu umeiharibu hivi hivi tu," akasema. "Ijumaa baada ya misa utasimama mbele ya kikundi uombe msamaha. Useme ulikosa adabu na hutarudia."

"Anti, sikuwa peke yangu."

"Nani alianza?"

"Ni mimi. Lakini yule aliyenijibu..."

"Sitaki kusikia ya aliyejibu. Ukikataa, utafute pa kulala."

Hapo ndipo damu iliponichemka, kwa sababu aliyenijibu namjua. Kigelegele kile cha kukatika mara mbili nilikisikia uani kwa nyanya siku matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka. Ukoo mzima hakuna mwingine anayekipiga vile. Ni cha anti. Mwenyekiti mwenyewe alinijibu akiwa hatua chache kutoka altareni, na anajua kwamba najua. Tangu siku hiyo haniangalii usoni. Akitaka kunisema anaongea na sufuria.

Jumatatu nilikutana ngazini na Bi Zuwena (si jina lake), Mwomani wa asili ya Zanzibar anayekaa chini yetu. "Mwanangu, nnasikia mnajibizana huko juu tangu jana," akaniuliza. "Khasa kuna nini?" Nikamweleza. "Kwa kigelegele?" akasema. "Sisi arusi bila ya hicho, watu wanauliza kama kuna maiti ndani. Mnagombana kwa furaha yenu wenyewe, wallahi makubwa haya." Akanipa sahani ya vitumbua nimpelekee anti. Anti akavila vyote.

Wenzangu kwenye kikundi wananiandikia pembeni: omba tu msamaha yaishe, unaishi kwa mtu. Sikilizeni. Tuliahidi kitu nikakivunja, na kwa hilo nitamwendea yule msimamizi mwenyewe nimwambie samahani. Hilo halinishindi. Lakini kusimama niseme nilikosa adabu kwa kushangilia Ufufuko, tena niseme peke yangu, na mwenzangu ameketi kwenye kiti cha mwenyekiti ananisikiliza na uso mkavu, hapana. Sitasema. Hata nilale kwenye ngazi.

Ijumaa ni keshokutwa. Nguo zangu nimeshazipanga kwenye begi, na anti ameliona begi akapita. Shida yangu ni kwamba nikimtaja mbele ya watu nitakuwa nimemvua nguo mtu aliyenivika. Nikinyamaza, nitakuwa nimeubeba uongo wake, na uongo huo nitalala nao sebuleni kwake mpaka nimalize chuo. Jana nikiwa napiga pasi sare yangu nimefikiria jambo jingine: nikiitwa mbele nisiseme chochote, nipige kile kile cha Pasaka, kisha nitulie nimtazame yeye.

Nishaurini, nifanye nini? Nimtaje, nibebe begi langu niondoke, au nipige nione kama safari hii atanijibu?