Balua

Nilipopangiwa kufundisha kijijini Nyololo, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, nilimkuta mwalimu mzee aliyefundisha pale tangu shule ikiwa ya nyasi. Kila Jumamosi alasiri, bila kuagizwa na yeyote, aliwafundisha kina mama kusoma, ili wajisomee wenyewe barua za waume zao walioko kwenye mashamba ya mkonge.

Siku moja niliketi nyuma nikamsikiliza. Aliandika ubaoni "barua" bila kosa, kisha akasoma kwa sauti, "Balua." Wanawake, Wahehe kama yeye, ambao lugha yao haina R, wakaitikia, "Balua!"

Nikasimama. "Samahani, Mzee. Ni barua. Rrr."

Niliamini kwamba ninautetea ukweli. Mama mmoja alicheka; wengine waliinamisha vichwa. Mzee akanikabidhi chaki. "Haya, mwanangu. Mwenye cheti ni wewe."

Jumamosi iliyofuata hakuja. Walikuja wanawake watatu, nikawatamkisha R mpaka jasho likawatoka. Wakati wa kuondoka mmoja wao akaniambia, "Mwalimu, ikiwa yeye miaka yote hiyo hakujua kusema, sisi tunatafuta nini hapa?" Hawakurudi tena.

Nilikwenda kumwomba radhi mzee. Alinikaribisha viazi, akazungumzia mvua. Darasani hakukanyaga tena mpaka tulipomzika.

Sasa wanawake wale huniletea mimi barua zao. Hutazama chini kwa aibu huku kijana asiye ndugu yao akiwasomea maneno ya chumbani, kwa R iliyonyooka.